Kitenzi "ir" cha Kihispania kifundishwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloweza kuonekana la darasani tu, lakini linawagusa vijana wengi wa Arusha, Moshi na Zanzibar wanaojifunza Kihispania ili wapate kazi ya kuongoza watalii. Jambo hilo ni namna kitenzi "ir", yaani kwenda, kinavyofundishwa. Ni miongoni mwa vitenzi vya mwanzo kabisa ambavyo mwanafunzi hukutana navyo, hutumika kila siku na kila mahali, na wakati huohuo ni kati ya vile vilivyokwenda mbali zaidi na kanuni za lugha hiyo. Madarasa mengi ninayoyafahamu hukifundisha kwa kupitia Kiingereza: mwalimu huchora jedwali ubaoni, hutoa maana ya kila umbo kwa Kiingereza, kisha wanafunzi hukariri. Njia hiyo humzungusha Mswahili bila sababu, kwani mengi ambayo "ir" inamdai, na ambayo Kiingereza hakiwezi kumwonyesha, anayo tayari katika Kiswahili chake.

Kwa msomaji asiyekifahamu Kihispania, hali yenyewe ni hii. Kitenzi cha kawaida, kama "hablar", kusema, hubaki na shina moja, na mwisho wake ndio unaobadilika kwa nafsi na wakati, hata anayekijua kimoja huwa amejua maelfu. "Ir" haina shina la kutegemewa namna hiyo. Katika wakati uliopo husemwa "voy", "vas", "va", "vamos", "vais", "van". Kwa tendo lililokwisha kukamilika husemwa "fui", "fuiste", "fue", "fuimos", "fuisteis", "fueron". Kwa tendo lililokuwa likiendelea au likirudiwarudiwa hapo zamani husemwa "iba", "ibas", "iba", "íbamos", "ibais", "iban". Wakati ujao umetulia zaidi: "iré", "irás", "irá", "iremos", "iréis", "irán". Mwanafunzi anayewekewa "voy", "fui" na "iba" mbele yake huuliza, na ana haki ya kuuliza, imekuwaje maneno matatu yasiyofanana hata herufi ya kwanza yakahesabiwa kuwa kitenzi kimoja.

Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba ndivyo kilivyo, akariri tu. Lakini jibu la kweli lipo, na halihitaji zaidi ya dakika chache. Kihispania kilitokana na Kilatini kilichosemwa na watu wa kawaida katika rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, baada ya Warumi kuitwaa, na "ir" ya leo imekusanya maumbo ya vitenzi vitatu vya Kilatini. Kitenzi "ire", kwenda, ndicho kilichotoa "ir" yenyewe, pamoja na "iba", "iré", "ido" na "yendo". Kitenzi kingine cha mwendo, "vadere", kilitoa "voy", "vas", "va" na wenzao, na pia "vaya". Maumbo ya kale ya "ire" katika wakati uliopo yalikuwa mafupi mno, mengine yakiwa silabi moja nyepesi kama "is" na "it", na sauti za lugha zilipoendelea kubadilika hayakuwa na mwili wa kutosha kuhimili, hivyo nafasi yake ikachukuliwa na maumbo mazito zaidi ya "vadere". Nayo "fui" ilitoka kwa kitenzi "esse", kuwa, na ndiyo maana hadi leo "ir" na "ser", yaani kuwa, zinagawana wakati uliopita mmoja bila tofauti ya hata nukta. Wasomaji wako wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi waliosoma Kifaransa wanaijua hali hii, kwani huko nako "vais" na "irai" ni kitenzi kimoja kilichotoka katika chemchemi tofauti. Jirani zetu wa Msumbiji wanaosema Kireno wanasema "vou", "ia" na "fui", na "fui" yao pia hubeba maana zote mbili.

Mswahili hapaswi kuishangaa tabia hii, maana anaishi nayo. Tunasema "mimi ni mwalimu", lakini wakati uliopita tunasema "nilikuwa mwalimu" na wakati ujao "nitakuwa mwalimu". Kati ya "ni" na "kuwa" hakuna sauti hata moja ya pamoja, na hakuna mtoto wa Tanga au Mombasa aliyewahi kulala na njaa ya maelezo kwa sababu hiyo. Tunamwamuru mtu "soma", "andika", "simama", lakini tukitaka aende tunasema "nenda", na tukitaka aje tunasema "njoo". Tunasema "nilikwenda" na "nitakwenda" kwa kuibakiza ile "ku" ya mwanzo, kisha tukifika kwenye "niende" na "sijaenda" tunaiacha. Kihispania kina mambo hayohayo mahali palepale: amri ya kwenda ni "ve" na ya kuja ni "ven", na zote mbili zinakataa kanuni. Mwalimu anayeanza kwa kumwonyesha mwanafunzi "nenda" na "njoo" humwondolea hofu kabla hajafungua daftari.

Liko pia suala la nafsi. Mhispania akisema "voy" haongezi neno la nafsi, kwa sababu nafsi imo ndani ya kitenzi, kama ilivyomo ndani ya "naenda". Sisi tunaiweka mwanzoni na wao wanaiweka mwishoni. Anayefundishwa kwa Kiingereza huzoeshwa kwamba lazima kila sentensi itangulizwe na neno la nafsi, akaishia kusema "yo voy" kila mara, jambo ambalo masikioni mwa mwenye lugha lina uzito wa "mimi ndiye ninayekwenda". Hali kadhalika "va" haibagui mwanamume na mwanamke, sawa kabisa na "anaenda" yetu. Hakuna sababu ya kumpitisha Mswahili kwenye lugha inayombagulia jinsi ili tu afike mahali ambapo hazibaguliwi.

Lakini faida kubwa kuliko zote iko katika umbo "vaya", na hapa naomba nivumiliwe nikae kidogo. Vitabu vingi vilivyoandikwa kwa Kiingereza huliahirisha umbo hili hadi kitabu cha pili au cha tatu, na huliingiza kwa onyo kwamba ni gumu, kwa sababu wenye Kiingereza hawana umbo hai la kulilinganisha nalo. Sisi tunalo, tena tunalitumia tangu utotoni, nalo ni lile linaloishia kwa "e". "Quiero que vayas" ni "nataka uende". "Es necesario que vayamos" ni "ni lazima twende". "Para que vaya" ni "ili aende". Kila mahali hapo Kihispania kimeacha "vas", "vamos" na "va" za kawaida kikachukua umbo la matakwa, na Kiswahili kimeacha "unaenda", "tunaenda" na "anaenda" kikafanya vivyo hivyo. Hata katika kukataza tunakutana: amri ni "ve", nenda, lakini katazo ni "no vayas", usiende, amri ni "ven", njoo, lakini katazo ni "no vengas", usije. Lugha zote mbili zinaliacha umbo la amri zinapokataza na kulishika umbo la matakwa. Sijui mwanafunzi wa lugha gani nyingine aliyeandaliwa vizuri kuliko Mswahili kwa ajili ya somo hili. Naongeza kwamba neno "ojalá", ambalo Wahispania hulitumia wanapotamani jambo litokee na ambalo siku zote hufuatwa na umbo hili la matakwa, lilitoka katika Kiarabu cha Andalusia, likiwa na jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, kutoka karne zile ambazo Waislamu walitawala sehemu za rasi hiyo, kati ya mwaka 711 na 1492. Msomaji wa pwani anayesema "inshallah aende" ataielewa "ojalá vaya" bila kufafanuliwa.

Ulinganifu huu una mipaka, na mwalimu mwaminifu huisema. Mhispania husema "cuando vaya" kwa maana ya "nitakapokwenda", na hapo Kiswahili hakitumii umbo la matakwa hata kidogo. Katika masharti, sisi tunaweka "nge" pande zote mbili, "kama ningekwenda Madrid, ningekwenda Prado", wakati Kihispania hutenganisha, "si fuera a Madrid, iría al Prado". Haya yakaririwe kama yalivyo.

Nije kwenye matumizi ya kazini, kwa maana ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Kila mwongozaji wa Mlima Kilimanjaro huwaambia wageni wake waende polepole, kwa kuwa mwili unahitaji muda wa kuizoea hewa nyepesi ya juu. Kwa Kihispania, agizo hilo dogo lina sura nyingi. Kwa kijana mmoja mliyezoeana husemwa "ve despacio". Kwa mzee, au kwa mgeni anayestahili heshima, husemwa "vaya despacio". Kwa kundi la watu kutoka Hispania waliozoeana na mwongozaji husemwa "id despacio", lakini kundi la Wameksiko, Wakolombia au Waajentina litasubiri kusikia "vayan despacio", kwa kuwa katika Amerika nafsi ya "vosotros", yaani ninyi, pamoja na "vais" na "id" zake, haitumiki katika mazungumzo ya kila siku. Sisi katika kitenzi hatuna tofauti ya heshima. Mkubwa na mdogo wote ni "nenda", na heshima yetu tunaipitisha kwenye shikamoo, mzee, mama, bibi na babu. Kijana wetu, ambaye nyumbani hawezi kumpita mzee bila kumwamkia, akifika mlimani humwambia mgeni wa miaka 70 "ve" kwa sababu hilo ndilo umbo lililokuwa la kwanza kwenye jedwali. Hana nia mbaya. Hakuambiwa tu kwamba katika Kihispania adabu ile aliyolelewa nayo imewekwa ndani ya kitenzi. Akiambiwa kwamba "vaya" ndiyo mahali pa shikamoo, hasahau.

Kwa anayeanza, umbo la salama kuliko yote ni "vamos", maana humjumuisha msemaji pamoja na wageni wake, kama "twende" yetu: "vamos despacio", twende polepole. Hapa napo pana jambo la kuangaliwa. Kwa kanuni, mwaliko wa namna hii ungetakiwa kuwa "vayamos", lakini katika mazungumzo ya kawaida mwaliko ni "vamos", na "vayamos" hubaki katika maandishi na katika katazo, "no vayamos".

Maumbo ya amri ya kitenzi hiki yamewasumbua hata wenye lugha. Kwa kuwaambia watu kadhaa "ondokeni", Wahispania kwa vizazi walisema "iros" ilhali vitabu vikidai "idos", mpaka mwaka 2017 ambapo Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1713 kuisimamia lugha hiyo, ikaridhia "iros" pia ikubalike. Huko Ajentina, ambako nafsi ya "vos" hutumika mahali pa "tú", zote zikiwa na maana ya wewe, "ir" haina kabisa umbo la amri kwa nafsi hiyo, na watu huazima kutoka kitenzi "andar", kutembea, wakasema "andá". Nayataja haya kwa sababu yanamsaidia mwanafunzi kuona kwamba hata aliyezaliwa katika lugha hiyo hupita njia panda.

Suala la "fui" na "iba" linahitaji uangalifu wa pekee, na ndipo Kiingereza kinapotupoteza zaidi. Katika Kiingereza, umbo moja la wakati uliopita laweza kumaanisha kwamba mtu alikwenda mara moja au kwamba alikuwa na desturi ya kwenda. Kwa hiyo anayefikiri kwa lugha hiyo huandika "fui" kila mahali. Kiswahili kinatenganisha. "Fui al mercado" ni "nilikwenda sokoni", tendo limeisha. "Iba al mercado cuando vi a Ana" ni "nilikuwa nakwenda sokoni nilipomwona Ana". "De niño iba a la escuela a pie" ni "nilipokuwa mtoto nilikuwa nikienda shule kwa miguu". Mwanafunzi apewe kanuni moja ya kuanzia: ukiona Kiswahili chako kinataka "nilikuwa na-" au "nilikuwa niki-", chagua "iba", kikitosheka na "nilikwenda", chagua "fui". Itamfikisha salama mara nyingi sana. Na kwa habari njema, katika lugha nzima ya Kihispania ni vitenzi vitatu tu vinavyokiuka kanuni katika wakati huu wa "iba", navyo ni "ir", "ser" na "ver", kuona.

Kuhusu "fui" ya kwenda na "fui" ya kuwa, sentensi yenyewe huamua. "Fue maestra" ni "alikuwa mwalimu", na "fue a la escuela" ni "alikwenda shuleni". Kile kineno "a" ndicho kinachofungua maana, na hapa Kiswahili, ambacho nimekisifu kwa muda mrefu, kinageuka kuwa mtego. Sisi hatuna haja ya neno kama hilo: tunasema "nilikwenda Madrid", kavu, au tunatumia kiishio "ni" ambacho hakijali kama mtu alikuwa shuleni au alikwenda shuleni. Matokeo yake, wanafunzi wetu husema "fui Madrid", au "fui en Madrid", na msikilizaji hubaki hajui waliko. Mwalimu anayetumia Kiingereza hawezi kuona kosa hili linatoka wapi, kwa sababu Kiingereza kina neno lake la kuelekea mahali. Anayefundisha kwa Kiswahili hulitabiri kabla halijatokea, naye huwazoesha wanafunzi tangu siku ya kwanza kukitamka kitenzi pamoja na kineno chake: "voy a", "fui a", "iba a", na "al" pale "a" inapokutana na "el", kineno kinachotangulia majina ya jinsi ya kiume.

Mtego mwingine ni wa mwito. Mswahili akiitwa kutoka chumba kingine hujibu "nakuja". Mhispania hujibu "¡ya voy!", yaani "naenda", kwa kuwa katika lugha yake kuja ni kuelekea mahali alipo msemaji, na yeye hayuko huko anakoitwa. Mhudumu wa hoteli ya Zanzibar anayejibu "ya vengo" atakuwa amesema kitu kingine, maana katika nchi kadhaa za Amerika ya Kusini maneno hayo husemwa na mtu anayetoka kwa muda na atakayerudi sasa hivi. Sisi nasi tunasema "nakuja" tunapotoka kwa kusudio hilohilo.

Neno la mwisho la kisarufi ni kuhusu "voy a comer", ambalo hulingana neno kwa neno na "nakwenda kula" lakini mara nyingi halihusu mwendo wowote. Ndiyo njia ya kawaida ya kueleza jambo lililo karibu kutokea, na tafsiri yake ya haki ni "nitakula". "Va a llover" ni "mvua itanyesha". Naomba walimu waisisitize "ta", hasa siku hizi ambapo baadhi ya watangazaji na viongozi wetu wamezoea kusema "tunakwenda kushuhudia" na "tunakwenda kujenga" hata pale ambapo hakuna anayeondoka mahali alipo. Kiswahili kina wakati ujao wake unaojitosheleza, na darasa la Kihispania lisiwe mlango mwingine wa kuudhoofisha.

Matamshi nayapita haraka, kwa sababu yanatupendelea: irabu za Kihispania ni tano zilezile, a, e, i, o, u, na husomwa kama zetu. La kukumbuka ni kwamba "v" yao hutamkwa kama "b", hivyo "voy" husikika kama "boi" na "vamos" kama "bamos".

Ndugu Mhariri, Kihispania na Kiswahili zote ni lugha rasmi za Umoja wa Afrika, na barani kwetu Guinea ya Ikweta hukitumia Kihispania serikalini na shuleni. Nawaomba wakuu wa vyuo vya utalii na vya lugha wawape walimu wao ruhusa na muda wa kuandaa masomo ya sarufi ya Kihispania kwa Kiswahili, wakianza na "ir", "ser", "tener" (kuwa na), "venir" (kuja) na "hacer" (kufanya), ambavyo mgeni hawezi kuzungumza dakika mbili bila kuvitumia. Nakuomba na wewe, ikiwezekana, utenge safu fupi ya kila wiki ambamo kitenzi kimoja cha lugha ya kigeni kitaelezwa kwa kulinganishwa na Kiswahili moja kwa moja. Nipo tayari kuandaa masomo ya mwanzo bila malipo, na nina hakika walimu wengine wa Kihispania, Kifaransa na Kireno watajitokeza kusahihisha na kuongeza.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa lugha,
Moshi.